Wasifu wa Afande Ngazi

Siku nne kabla ya paredi ya kumuaga, Meja Jenerali aliletewa maisha yake yote ndani ya faili la kijani. Aliyeyaleta ni karani wa kumbukumbu, koplo mmoja wa kike mwembamba, asiyejua kutabasamu saa za kazi wala kuficha kosa la mtu. Aliliweka faili mezani, akalinyoosha mpaka likaenda sambamba na ukingo wa meza, kisha akarudi nyuma hatua moja na kusimama wima.

"Kurasa saba, afande. Kila ukurasa unasainiwa chini. Ijumaa saa nne utasomwa wote uwanjani."

Jeshi lile lilikuwa na taratibu zake. Afisa wa ngazi ya juu akistaafu, wasifu wake husomwa kwa kipaza sauti mbele ya vikosi, kuanzia siku alipokula kiapo mpaka siku anapovua kofia. Naye lazima ausaini kwanza, ukurasa kwa ukurasa, kuthibitisha kwamba yaliyomo ni kweli. Jeshi linaweza kukusamehe mengi, lakini halitaki kudanganya kwa kipaza sauti.

Alisaini wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mkono ulikuwa mwepesi, maana mkono wa jenerali umezoea kusaini kuliko kushika kijiko. Alipofika ukurasa wa nne kalamu ilisita. Pale palikuwa na aya fupi kuhusu siku ile ya mapigano kwenye kona ya barabara. Ilisema kwamba yeye, wakati huo Kapteni akiongoza kombania yake ya kwanza, aliirudisha barabara mikononi mwa jeshi ndani ya siku moja, "baada ya platuni moja kupotea njia kwa uzembe wa sajini aliyeiongoza." Chini yake ikatajwa nishani.

"Kuna kosa, afande?" karani akauliza.

"Hapana. Macho tu."

"Kuna jambo la pili, afande." Alitoa karatasi nyingine. "La msindikizaji. Kanuni inasema afisa anayestaafu anasindikizwa jukwaani na askari wa zamani kuliko wote aliye hai, kutoka kombania yake ya kwanza. Nimemtafuta wiki tatu. Nimempata. Ni yule sajini."

Jenerali aliweka kalamu chini. "Yule alifukuzwa."

"Nimeisoma kanuni mara mbili, afande. Inasema askari wa zamani aliye hai. Haisemi aliondokaje. Nimempigia simu, amekubali. Aliuliza jambo moja tu, kama aje na viatu vyeusi au vya kahawia."

Hapo ndipo aibu ilipomshika. Si kwamba ilikuwa ngeni kwake, la hasha. Ilikuwa imekaa naye miaka ishirini na saba, ila alikuwa ameizoesha kukaa kimya, akaizungushia vyeo, magari, saluti na hotuba. Sasa ilisimama mbele yake ikiuliza habari za viatu.

Tuseme mambo yalivyokuwa, maana mwenyewe hajawahi kuyasema.

Asubuhi hiyo ya zamani Kapteni alikuwa ameweka makao yake ndani ya darasa la shule iliyohamwa. Msafara wa magari ya chakula na dawa ulitakiwa upite konani saa tano. Juu ya kona kulikuwa na kilima, na kazi ya platuni ya Sajini ilikuwa kukikalia kilima hicho kabla msafara haujafika. Luteni wa platuni alikuwa amelazwa na malaria, hivyo Sajini ndiye aliyeshika usukani. Mpiga redio alikuwa amepanda juu ya paa kunyoosha waya, kwa hiyo Kapteni alishika redio mwenyewe. Akatazama ramani, akataja namba za kilima.

Sasa, namba za ramani zina utaratibu wake. Unasoma kwanza zile za chini, ndipo unasoma za pembeni. Kilima chenyewe kilikuwa arobaini na sita, arobaini na nane. Kapteni alikuwa hajalala siku mbili, na alikuwa na haraka ya kijana anayetaka kuonekana. Akaanza na za pembeni. Akasema arobaini na nane, arobaini na sita, na huko nako, mwendo wa karibu saa nzima kutoka barabarani, palikuwa na kilima.

Sajini alishangaa. "Afande, naomba urudie namba."

Alirudia vilevile. Baada ya kitambo Sajini akaita tena. "Afande, huko ni mbali na barabara. Naomba urudie."

"Nimeshasema mara mbili. Sikiliza vizuri, tembeza watu."

Saa tano na dakika kumi milio ya risasi ikasikika kutoka konani, ambako hakukuwa na mtu wa kuilinda. Askari saba wa msafara walikufa. Kapteni aliitazama ramani tena, akaona kidole chake kilipokuwa. Ndipo akafanya lile jambo. Alichukua daftari la redio, ambalo mpiga redio hakuwa ameliandika kwa sababu alikuwa juu ya paa, akaandika kwa mkono wake mwenyewe: arobaini na sita, arobaini na nane. Ilimchukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu.

Mbele ya baraza la uchunguzi Sajini alisema alisikia arobaini na nane kwanza. Wakamwonyesha daftari. Alilitazama, akamtazama Kapteni wake, kisha akainamisha kichwa. "Kama afande alisema hivyo, basi mimi nilisikia vibaya," alisema. Kesho yake alivuliwa cheo na kufukuzwa. Kapteni aliomba asifungwe, na baraza likamsifu Kapteni kwa huruma yake.

Baadaye alipelekwa chuoni kufundisha usomaji wa ramani. Huko alifundisha kwa ukali ambao wanafunzi hawakuuelewa. "Ramani ni jumba," aliwaambia. "Pita ukumbini kwanza, ndipo upande ngazi. Namba za chini, kisha za pembeni. Atakayepanda ngazi kabla ya ukumbi namfukuza." Wakampa jina la Afande Ngazi, na jina likamganda mpaka uzeeni, maana vyeo navyo alivipanda kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwake. Leo mabrigedia watatu wakikutana naye kwenye sherehe humwimbia lile somo la ukumbi na ngazi, naye hucheka nao. Hakuna kicheko kilichowahi kumchosha mtu namna ile.

"Koplo," alisema sasa, bila kuinua macho. "Afisa akitaka kurekebisha taarifa yake ya zamani, anafanyaje?"

"Akiwa bado kazini, anaandika, anasaini, faili la uchunguzi linafunguliwa. Akishastaafu haiwezekani, afande. Faili linakwenda ghalani, halifunguliwi mpaka ipite miaka hamsini."

"Kwa hiyo mwisho ni lini?"

"Kwa mtu anayestaafu Ijumaa? Alhamisi jioni, afande." Karani aliutazama ukurasa uliokuwa wazi. "Ukurasa wa nne nikuachie?"

"Niachie."

Nyumbani mkewe alikuwa na furaha ya watu watatu. Alikuwa ameyapanga magauni mawili kitandani akimsubiri mume aje achague, ili yeye avae lile lingine. Jenerali alimwambia habari za msindikizaji, akitumaini kwamba neno moja litavuta lingine na mwisho yote yatatoka.

"Sajini yule aliyepoteza watu njia?" mkewe alisema. "Na wewe umekubali asimame karibu yako? Baba watoto, una moyo wa pekee. Mwingine asingemsamehe."

Jenerali alisema anakwenda kunawa uso. Alikaa bafuni muda mrefu, maji yakitiririka bure, akijiona haya mbele ya mswaki wake mwenyewe. Mtu akishaonea haya hata mswaki, ujue maji yamemfika shingoni.

Jumatano aliendesha gari mwenyewe, bila dereva na bila sare. Sajini alikuwa fundi wa vyerehani. Kibaraza chake kilikuwa na mashine tisa zilizofunguliwa matumbo, na kila moja ilikuwa na kikopo chake cha skrubu, na kila kikopo kilikuwa na kikaratasi chenye namba. Mzee mwenyewe alikuwa ameinama juu ya gurudumu. Alipoinua kichwa na kumwona mgeni, alisimama na visigino vyake vikagongana, ingawa alikuwa amevaa ndala.

"Jambo, afande."

"Kaa, Sajini. Kaa, tafadhali."

"Mimi si sajini, afande. Ni fundi tu." Lakini alitabasamu, akapangusa kiti kwa kitambaa pande zote mbili. "Umekuja kwa ajili ya paredi. Viatu nimeshavipata, vyeusi. Nilisema moyoni, kama yule koplo amenipigia simu kunitania, nitamjua. Kumbe si utani."

Jenerali alikaa. Alikuwa ameyapanga maneno njiani, ya kwanza hadi ya mwisho, kama anavyopanga hotuba. Kabla hajafungua kinywa, mzee alianza yeye.

"Nilipoambiwa tarehe, nilikaa chini. Nikasema, kumbe afande hajasahau. Ameichagua siku ileile ya wale saba."

Jenerali hakuwa ameichagua kwa ajili ya wale saba. Aliichagua kwa sababu uwanja ulikuwa wazi na mkuu wa majeshi alikuwa na nafasi. Tarehe ile ilipita mbele ya macho yake wiki nzima, imeandikwa kwenye mialiko yenye ukingo wa dhahabu, naye hakuitambua. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Nashukuru pia nimekuona kabla," mzee aliendelea, akigeuzageuza bisibisi. "Pale mbele ya watu nisingeweza kusema. Nataka kukuomba radhi, afande. Nilikuharibia kombania yako. Uliniambia mara mbili nzima, na mimi sikusikia. Miaka yote hii najiuliza masikio yangu yalikuwa na nini siku ile. Nilikwenda mpaka hospitali wakanipima. Wakasema masikio mazima."

Jenerali aliyaacha yale maneno aliyoyapanga. Hayakufaa kitu.

"Masikio yako yalikuwa mazima siku ile pia," alisema. "Nilianza na za pembeni. Nilisema arobaini na nane kwanza. Uliponiomba nirudie, nilirudia kosa. Daftari niliandika baadaye, peke yangu, baada ya kusikia risasi. Hukukosea, Sajini. Nilikosea mimi, na nikakutwisha wewe."

Mzee aliweka bisibisi chini, akaisogeza mpaka ikalala sawa na ukingo wa meza. Ndani ya nyumba ya jirani mtu alikuwa anasugua sufuria, na kelele hiyo ilisikika mpaka ikaisha.

"Nilikuomba urudie," alisema mwishowe.

"Uliniomba mara mbili."

"Kwa hiyo nilisikia sawasawa."

"Ulisikia sawasawa."

"Mke wangu alikuwa akisema hivyo." Sauti ya mzee haikupanda. "Alisema, mume wangu wewe husikii vibaya, unasikia mpaka panya darini, huyo kapteni wako ndiye. Nilimkemea. Nilimwambia ndani ya nyumba yangu afande wangu hatasemwa vibaya. Akanyamaza. Amefariki mwaka wa tatu sasa, na tangu nilipomkemea hakulitaja tena."

Jenerali alifunika uso kwa mikono. Alitaka kulia, akaona haya hata kulia, kwa sababu machozi yake yangemlazimu mzee yule kumbembeleza, naye angembembeleza kweli. Akajikaza. Akatoa karatasi na kalamu mfukoni. Alieleza habari za taarifa, na Alhamisi jioni, na faili linalokwenda ghalani.

"Andika hapa," mzee alisema, akaisogeza mashine moja pembeni kumpa nafasi mezani. "Nikuone unaandika."

Akaandika. Mkono uliozoea kusaini ulikuwa mzito kama wa mwanafunzi wa darasa la kwanza. Mzee alisimama nyuma yake akisoma. Alipofika kwenye saa ya amri ile, Jenerali aliandika saa tatu na nusu.

"Saa tatu na dakika arobaini," mzee alisema. "Nilitazama saa."

Akafuta, akaandika hivyo. Akafika kwa waliokufa, akaandika: askari saba.

"Waandike majina."

Kalamu ilisimama. Jenerali alikumbuka wa kwanza, akaandika. Akakumbuka wa pili, aliyekuwa mchezaji mpira wa kikosi. Akakumbuka wa tatu. Wa nne alikumbuka jina moja tu, la pili likamkimbia. Alikaa akitazama karatasi, jasho jembamba likimtoka kwenye paji la uso. Alikuwa mtu anayejua majina ya wake wa mabalozi na siku za kuzaliwa za watoto wao.

Mzee alisubiri, kisha akamalizia jina la wa nne. Akamtajia wa tano, wa sita na wa saba, pamoja na vyeo na namba zao za jeshi, taratibu, ili mkono upate nafasi. Hakupaza sauti wala hakumlaumu. Jenerali aliandika alichoambiwa, akasaini chini.

"Utakuja Ijumaa?" aliuliza, akijua lilivyo swali la kipumbavu.

"Paredi siji, afande. Tena tarehe hiyo huwa nina safari, nilikuwa nimeipanga baada ya paredi. Nakwenda kwa mama wa yule dereva, wa saba hapo. Hakuwa na mtoto mwingine. Kila mwaka siku hiyo nakwenda kumwomba radhi kwamba nilimpotezea mwanawe."

"Nitakwenda nawe."

"Hapana." Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake Sajini kumwambia hapana. "Mimi nimekwenda mara ishirini na sita. Safari hii utakwenda wewe, peke yako." Akachukua kikaratasi kimoja kutoka kwenye kikopo cha skrubu, akamwandikia nyuma yake jinsi ya kufika.

Alhamisi asubuhi karani alipokea taarifa. Aliisoma yote akiwa amesimama. Alipomaliza alichukua muhuri, akaupuliza, akagonga.

"Nimepokea, afande. Saa tatu na dakika tano." Aliitia taarifa ndani ya faili la kijani. "Ukurasa wa nne nitauondoa."

"Usiuondoe. Uandike upya."

Kabla ya adhuhuri simu zilianza kulia. Mkuu wa majeshi alisema maneno machache, yote ya heshima, na hakuna hata moja lililokuwa na joto. Paredi ilisogezwa hadi tarehe itakayotangazwa, na kila mtu alijua haitatangazwa. Mkewe alikunja magauni, akayarudisha kabatini. Baadaye alimwuliza jambo moja: wakati wote ule alipomsifu kwa moyo wake wa pekee, yeye alikuwa anajisikiaje. Jenerali akasema tu kwamba alikuwa anakwenda kunawa.

Ijumaa, saa nne ileile ambayo wasifu wake ulipaswa kusomwa, alikuwa amesimama mbele ya mlango wa bati uliopakwa rangi ya samawati. Alibisha. Alisubiri. Ndani kulisikika kiti kikivutwa, na mwendo wa mtu anayeshikilia ukuta.

Mlango ulifunguliwa na bibi mfupi sana, macho yake yakiwa na ukungu, kanga mpya mabegani. Nyuma yake meza ilikuwa imeandaliwa vikombe viwili. Alimtazama mgeni kuanzia viatuni mpaka usoni, kisha akatazama nyuma yake barabarani, kushoto na kulia, akitafuta mtu mwingine. Alipokosa, mkono wake ulishika fremu ya mlango.

"Mwanangu yuko wapi?" aliuliza. "Leo ndiyo siku yake. Hajawahi kukosa. Niambie ukweli, mwanangu Sajini amepatwa na nini?"

Jenerali alifungua kinywa. Amri alizowahi kutoa, hotuba na masomo yote, hakuna kilichomsaidia hapo mlangoni.

"Mzima, mama," alisema. "Yeye hana neno. Wala hakuwahi kuwa na kosa."